Ngeli ya Meneja

“Kimekuja nini?” hakimu aliuliza, akavua miwani na kuanza kuifuta kwa ncha ya joho lake.

Mwendesha mashtaka alipekua faili lake. Alikuwa kijana mwenye shingo ndefu na suti iliyombana makwapani, na tangu kesi ianze alikuwa akilizunguka swali hilo kama mtu anayezunguka dimbwi la maji machafu.

“Meneja, Mheshimiwa.”

“Meneja kimekuja?”

Benchi letu lilianza kutikisika. Nilijiziba mdomo kwa mtandio, na wanawake walioketi kushoto na kulia kwangu wakainamisha vichwa kana kwamba wanasali. Kizimbani, shangazi yangu alisimama wima, mikono kaikunja kifuani, uso mkavu. Wangeweza kumfunga kwa neno lile moja, na alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini mimi nililelewa na mwanamke yule. Niliona shavu lake la kushoto likicheza, nikajua kwamba hata pale, mbele ya sheria, anapigana na kicheko.

Neno lenyewe wala halikuwa lake. Hilo ndilo lililoniuma. Angeweza kusema ni la nani akarudi nyumbani siku ile ile, na alikataa.

*

Shangazi alinichukua nikiwa mdogo, mama yangu alipofariki, na nilipomaliza shule akanipeleka alikokuwa akifanya kazi yeye: kiwanda cha serikali cha kufulia nguo. Tulifua mashuka ya hospitali, mapazia ya ofisi za wakubwa na sare za polisi. Ukumbi wetu ulikuwa mrefu na mwembamba. Mwanzoni nguo chafu zilichambuliwa. Katikati yalikaa mapipa ya kuchemshia, yakinguruma kutwa. Na mwisho kabisa ndiko tulikokuwa sisi, wapiga pasi na wakunja mashuka, karibu na mlango wa nyuma uliofungukia uani kwenye kamba za kuanikia. Nguo zililetwa kwa kigari cha magurudumu, kimoja tu, ambacho gurudumu lake moja lililia kwa kukosa mafuta. Kila kilipoingia, wa kwanza kukiona alipaza sauti: “Kimekuja!” Hapo tulijua mapumziko yamekwisha.

Watu wote pale walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu mimi nilimwita hivyo. Alikuwa mpiga pasi, mfupi, mwenye mikono minene na mdomo usio na breki. Siku moja daktari mzima alikuja kulalamika kwamba mashuka yanarudi na madoa. Shangazi alimsikiliza, akamwambia, “Baba, damu hii hatukuimwaga sisi,” na akaendelea kupiga pasi. Nilimwogopa na nilimpenda kwa kiasi kile kile. Leo nimefikia umri aliokuwa nao wakati ule, nimeupita kidogo, na bado nikikunja nguo vibaya huwa nageuka kuangalia kama ananiona.

Mimi nilikunja mashuka pamoja na mwanamke tuliyemwita Mgeni. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Mnashika pembe, mnalinyoosha, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, unampa mwenzako pembe zako, unaokota mkunjo wa chini, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Kutwa nzima mnaachana na kukutana. Ukikunja na mtu namna hiyo, hakuna njia ya katikati: ama mtachukiana, ama mtakuwa ndugu.

Sisi tulikuwa ndugu. Mgeni alitoka mbali. Alikimbia vita vya kwao pamoja na mume wake, fundi viatu, na Kiswahili alikiokota njiani. Alikiokota vizuri, ila jambo moja lilimshinda: kwake kila kitu kilikuwa mtu. “Shuka huyu amekauka,” alisema. “Sabuni amekwisha.” “Kikombe wangu, nani amemvunja?” Mimi niliyefundishwa ngeli shuleni kwa fimbo nilianza kumsahihisha kila tulipokutana katikati ya shuka. Limekauka, dada. Imekwisha. Shangazi alinisikia, akaisimamisha pasi yake.

“We mtoto, mwache,” alisema. “Kwani kuna aliyeumia? Wako wanaowaona watu kama vitu, na hakuna anayewasahihisha. Huyu anaona vitu kama watu, wewe ndiye umpigie kelele?”

Basi nikamwacha. Haukupita muda mrefu sote tukaanza kuongea kama yeye, kwa utani tu: pasi alikuwa na homa, pipa la tatu aliamka vibaya, mvua ametukosea heshima. Mgeni alicheka nasi. Alijua tunamtania, na alijua tunampenda.

Meneja mpya aliletwa mwaka ule. Kufua hakujua hata soksi, lakini alikuwa shemeji wa mtu, na mtu huyo naye alikuwa shemeji wa mtu mkubwa. Mara tu alipofika aliona sabuni inapungua stoo, akaamua kwamba ni sisi tunaoitoa kwa mlango wa nyuma. Akauwekea kufuli. Mvuke uliokuwa ukitokea uani sasa ukabaki nasi. Kamba za uani zikakaa bure, mashuka yakaanikwa humo humo ndani, juu ya vichwa vyetu, na maji yakawa yanatudondokea shingoni. Ukitaka kutoka nje, hata kwa haja ndogo, ilikubidi upite ukumbi mzima, kati ya mapipa, mpaka mlango wa mbele, na mlango huo ulipitia ofisini kwake.

Shangazi alikwenda kumwomba aufungue. Alivaa vizuri na aliongea vizuri, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kuvaa vizuri. Meneja alimsikiliza bila kuinua macho.

“Kelele za mlango haziniondolei usingizi, mama,” alimjibu.

Shangazi alirudi kwenye meza yake, akashika pasi. Baadaye ndipo aliponiambia: “Methali anaijua. Ila amesahau kwamba nyumba si yake.”

Mgeni alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa limeanza kunigonga kila tulipokutana katikati ya shuka, naye alisema mtoto ananisalimia, nami nilimsalimia. Siku ile joto lilizidi. Tulisogeleana, nikanyoosha mikono kupokea pembe zake, na pembe hazikuja. Alikuwa chini. Tulimbeba kwenye shuka hilo hilo, Shangazi kashika upande wa kichwa, tukapita kati ya mapipa tukiteleza kwenye povu. Tulipofika kwenye mlango wa ofisi, nyapara wa ukumbi alitusimamisha. Meneja alikuwa na wageni kutoka wizarani, wanakunywa chai. Nyapara aliingia, akatoka.

“Amesema msubiri kidogo. Wageni wanaondoka sasa hivi.”

Tulisubiri. Tulisimama pale tumemshika Mgeni, tukisikia vijiko vikigonga vikombe na mtu fulani akicheka kitu. Sijui tulisubiri muda gani na sitaki kujua. Hospitalini walituambia mama atapona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike, na walimfunga kwenye shuka tulilolifua wenyewe, lenye mikunjo yetu sisi wawili, mimi na mama yake.

*

Mgeni alirudi kazini mapema mno, maana asiyerudi nafasi yake ilipewa mwingine. Hatukujua tumwambie nini. Pole tulishampa, na pole ni neno fupi. Tulianza kukunja. Tuliachana, tukakutana, tukaachana, na kila tulipokutana hapakuwa na cha kutuzuia tusigusane.

Kisha Meneja aliingia ukumbini. Viatu vyake viling’aa, na nyapara alimfuata na shada lake la funguo. Mgeni aliacha kukunja. Alimtazama akija kutoka kule mbali, kati ya mapipa, mpaka alipotukaribia. Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja, akasema:

“Kimekuja.”

Kigari kilikuwa kimesimama ukutani, kitupu. Sote tulikiona. Shangazi aliinua pasi, akabaki ameishika hewani. Mwanamke aliyewapa utu kikombe, sabuni na shuka alikuwa amemtazama yule bwana kwa makini, na akamnyima.

Meneja hakuelewa kitu. Alikagua alichokagua, akageuka, akaenda zake. Alipofika mbali, kutoka kwenye mapipa, sauti ya mwanamke nisiyemwona kwa mvuke ikasema taratibu: “Kimeondoka.”

Tangu siku hiyo hatukumtaja kwa njia nyingine. Siku zile kugoma kulikuwa kosa, kukusanyika kulikuwa kosa, na kulalamika kulikuwa kosa dogo ukilalamika peke yako. Lakini sarufi hakuna aliyekumbuka kuipiga marufuku. Kimeamka vibaya leo. Kinataka mapazia ya ukumbi wa mikutano. Kimenunua gari jingine. Na mtu akikuuliza kitu gani hicho, Kiswahili kina viti, vikapu, vijiko na vibatari vya kutosha, vyote tayari kukutolea ushahidi.

Neno lilitoka nje ya kuta zetu kwa miguu yake lenyewe. Manesi waliopokea mashuka walituuliza, “Kinasemaje leo?” Fundi viatu, mume wa Mgeni, aliwaambia wateja wake, na hakuna mahali habari hutembea kama kwa fundi viatu. Mji ule ulikuwa umezoea kuwataja wakubwa kwa kunong’ona na kuangalia nyuma. Sasa ukapata namna ya kuwataja kwa sauti, mchana, sokoni. Diwani kinapita. Mkuu wa polisi kimelewa tena. Nilicheka mwaka ule kuliko mwaka wowote wa ujana wangu. Wakati mwingine nilicheka mpaka nikajikuta nalia, na wenzangu nao walikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuelezana.

Aliyetuangusha ni dereva wa Meneja mwenyewe. Alikuwa anapiga simu ofisini, anawaarifu watu wa mkutanoni: “Kimetoka sasa hivi, kinakuja huko, kipangieni kiti cha mbele.” Alipogeuka, Meneja alikuwa amesimama nyuma yake.

Tulikusanywa ukumbini, mapipa yakazimwa. Sikuwahi kuusikia ukumbi ule ukiwa kimya. Meneja alitembea mbele yetu, akarudi.

“Nataka mtu mmoja tu,” alisema. “Aliyeanza.”

Mimi na Mgeni tulikuwa bado tumeshika shuka letu, kila mmoja na upande wake. Nilihisi likinivuta. Mgeni alikuwa amepiga hatua mbele. Lakini Shangazi, pamoja na unene wake wote, alikuwa mwepesi zaidi.

“Mimi,” alisema.

“Wewe unamkingia mtu kifua. Nitajie mwenyewe, uombe radhi mbele ya hawa, tuyamalize hapa hapa.”

“Nimeshasema ni mimi, Bwana Meneja. Au nirudie kwa herufi kubwa?”

Alimpa mpaka kesho yake afikirie. Jioni hiyo Mgeni alikuja nyumbani kwetu na mume wake, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

“Mama, neno ni wangu,” alisema. “Kesho nitamsema.”

“Utamsema nani?”

“Neno.”

Shangazi alicheka, akamvuta ndani kwa nguvu, akamkalisha kitandani. “Sikiliza, mwanangu. Wewe huna karatasi. Ukifungua mdomo, hawakupeleki jela, wanakurudisha kule kule kwenye risasi, wewe na huyu fundi wetu. Mimi wakinifunga nitafua nguo za wafungwa. Kazi ni ile ile, ila chakula bure.”

Fundi viatu alitazama chini. Mgeni alilia kimya kimya, na Shangazi akamwacha alie, huku akimpapasa mgongo. Walipoondoka nilimgeukia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia kwamba hana haki ya kuniacha, kwamba mama alishaniacha na sasa yeye anajitolea kana kwamba hana mtu. Aliniacha nimalize.

“Nina mtu,” alisema. “Ndiyo maana siwezi kumtaja mtoto wa mwenzangu.” Kisha akaniambia nimletee gauni lake la bluu alipige pasi, kwa sababu kama ni kukamatwa, atakamatwa akiwa amenyooka.

Askari aliyekuja kumchukua asubuhi alikuwa kijana, na shati lake lilikuwa safi. Shangazi alimtengeneza kola. “Hii niliipiga mimi,” alimwambia. “Ukinisukuma itajikunja.” Yule kijana hakumsukuma. Alimfungulia mlango wa gari, na alipoona tunamtazama akaona haya.

*

Basi ndivyo tulivyofika mbele ya hakimu na miwani yake. Shtaka lilikuwa kumtukana ofisa wa serikali akiwa kazini, na kifungo chake kilikuwa cha miezi, kwa mwanamke wa umri ule ni kifungo cha kutosha. Meneja alikaa mbele na suti nyeusi. Mgeni alikaa nyuma pamoja nami, na nilikuwa nimemshika mkono, si kwa upendo tu. Nilikuwa namzuia asisimame.

“Sijakuelewa bado,” hakimu alimwambia mwendesha mashtaka. “Mshtakiwa alisema kimekuja. Mimi nauliza, ni nini kilikuja?”

“Meneja, Mheshimiwa, ndivyo walivyo...”

“Meneja alikuja.”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini wao walisema kimekuja.”

“Basi walikuwa wanasema kitu kingine.”

Karani alikuwa ameacha kuandika. Hakimu alimgeukia Shangazi. “Mama, ni nini kilikuja?”

“Kigari, Mheshimiwa,” Shangazi alijibu. “Kigari cha nguo chafu. Kikiingia tunaambiana, ili mtu asigongwe kisigino.”

“Kila kikiingia?”

“Kila kikiingia, Mheshimiwa, tangu ujana wangu. Kabla hata bwana huyu hajaletwa.”

Meneja alipoitwa kutoa ushahidi alipanda haraka, kama mtu aliyesubiri mno. Aliapa. Alisema amedharauliwa na kazi yake imedhoofishwa, na kwamba hata mke wake sasa anaulizwa maswali sokoni. Sauti yake ilipofika hapo ilipasuka kidogo, na kwa mara ya kwanza, sitasema uongo, nilimwonea huruma. Ilikuwa huruma ndogo na haikukaa.

“Bwana Meneja,” hakimu alisema, “humo ukumbini mna kigari?”

“Kimo.”

“Huwa kinaingia?”

“Kinaingia, lakini...”

“Na watu hawa hukitangaza kikiingia?”

“Mheshimiwa, kigari ni kisingizio! Waliposema kimekuja kigari kilikuwa pale pale ukutani! Hakikwenda popote!”

“Basi kama si kigari, ni nini kilichoingia?”

“Ni mimi!” Meneja alipiga ngumi kwenye ukingo wa kizimba cha mashahidi. “Si kigari! Mimi ndicho kilichoingia!”

Niliona neno linamfikia mwenyewe. Lilimfikia usoni kwanza, kisha mabegani. Mtu mmoja nyuma yetu alishindwa kujizuia, na hapo ukumbi wote ukaanguka. Walicheka wafua nguo, wakacheka manesi, wakacheka watu waliokuja kwa kesi zao za kuku na mipaka. Askari wa mlangoni aligeukia ukuta. Mwendesha mashtaka alifungua faili lake akajificha ndani yake. Na Shangazi, baada ya kuvumilia siku zote zile, alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili akacheka mpaka mabega yakaruka, machozi yakimtiririka kwenye gauni la bluu.

Nilitazama pembeni. Mgeni hakucheka. Alikuwa anamtazama Meneja kama alivyomtazama siku ile akitoka kwenye mapipa, na vidole vyake vilikuwa baridi ndani ya mkono wangu.

Hakimu aliacha watu wacheke kidogo zaidi ya ilivyostahili, kisha akagonga meza.

“Karani, andika kama alivyosema,” aliagiza. Akavaa miwani yake. “Mahakama hii haiwezi kumfunga mtu kwa kosa la ngeli. Na kama ingeweza, ingelazimika kuanza na shahidi. Mama, nenda nyumbani.”

Sijawahi kumkumbatia mtu kama nilivyomkumbatia shangazi yangu nje ya mahakama ile. Alinisukuma akisema nitamkunja gauni, kisha akanivuta tena.

*

Asubuhi yake hatukuingia kazini. Hakuna aliyeitisha mkutano, na mpaka leo kila mmoja husema alimfuata mwenzake. Tulizunguka jengo tukaenda kusimama uani, upande wa nje wa mlango wa nyuma, chini ya kamba tupu. Kugoma kulikuwa bado kosa, na tuliogopa. Lakini ni vigumu kumwogopa mtu sawasawa kesho yake baada ya kumcheka na mji mzima. Shangazi aligonga mlango mara moja kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kusikika ndani: “Ukifunguliwa, tutaingia.”

Tukasubiri. Safari hii ilikuwa zamu ya Meneja kutusubiri, na sisi hatukuwa na haraka. Tulisikia simu ya ofisini ikilia kupitia ukumbi mtupu. Bila shaka ilikuwa hospitali, wanataka mashuka. Ikalia tena. Polisi, wanataka sare. Wapita njia walisimama kwenye ukuta wa ua, wengine wakaingia na kusimama nasi bila kuuliza. Fundi viatu alifika na kigoda chake na kiatu cha mtu mkononi, akaketi miongoni mwetu akaendelea kushona. Manesi wawili waliotoka zamu walikuja na sare zao chafu. Yule askari kijana naye alitumwa kuja kutuangalia, na kweli alituangalia, kwa mbali, akiwa ameegemea nguzo.

Jua lilipokuwa limepanda tulisikia funguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na mbao za mlango zilikuwa zimevimba kwa mvuke. Mtu alisukuma kwa ndani, haukufunguka. Tukaushika na sisi tukavuta, yeye anasukuma na sisi tunavuta, mpaka ukatuachia kwa kishindo na mvuke ukatupiga usoni. Alikuwa nyapara. Jasho lilimlowesha, na hakujua atutazame nani.

“Kimesema mlango ufunguliwe,” alisema.

Alijiziba mdomo kwa shada la funguo, lakini lilikuwa limeshatoka. Yeye, mtu wa Meneja, aliyekuwa akimbebea funguo! Ua mzima ulilipuka. Mtu alimpiga mgongoni, mwingine akamwita ndugu, na nyapara mwenyewe akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Shangazi aliinua mkono, tukanyamaza.

“Amesema,” alimwambia kwa upole. “Mlango umefunguliwa, nyapara. Sema amesema.”

Nyapara alimtazama kuona kama ni utani.

“Amesema,” alirudia.

“Amesema,” wakasema wengine, mmoja hapa, mmoja pale, na mimi nikasema. Halikuwa gumu kama nilivyodhani. Lilikuwa neno tu la mtu, tulilolizoea tangu utotoni.

Mgeni alikuwa amesimama kando yangu. Shangazi alimgeukia, si kwa kumwamuru, kwa kumwuliza. Mgeni alitazama mlango ulio wazi, na ule ukumbi mrefu nyuma yake, na mapipa, mpaka kule mwisho kwenye ofisi. Alitazama muda mrefu.

“Nyinyi semeni, Mama,” alisema. “Mimi bado.”

Shangazi hakumsahihisha. Alimshika mkono, wakaingia pamoja, nami nikawafuata, maana mashuka ya hospitali yalikuwa yanasubiri.